Sefu, usimlipe Kibwana kwanza

Saint Petersburg, Jumapili usiku

Ndugu yangu Sefu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, watoto hawajambo, shemeji yako anakusalimu na anauliza karafuu zake ziko wapi. Salamu nyingine utanidai, maana picha ulizonitumia jana, za zile sarafu tatu za Urusi anazokuuzia Kibwana, zimeninyima usingizi. Umeshamlipa Kibwana? Kama bado, mkono usiingie mfukoni. Kama umeshamlipa, basi, soma tu.

Nianze na zile ruble mbili. Zote za 1898, zote mfalme Nicholas wa Pili anatazama kushoto. Nimezikuza mpaka simu ikapata moto. Ya kwanza ina kidonda kidogo chini ya ndevu, kama imegongwa na ncha ya msumari. Nikasema sawa, sarafu imezunguka kwa watu, haikosi kovu. Nikafungua picha ya pili. Kidonda kiko palepale, umbo lilelile, kimelala upande uleule! Sefu, sarafu mbili zimepita mikono tofauti zaidi ya miaka mia, zinapataje jeraha moja? Kuna mtu alichukua ruble moja yenye dosari, akaifanyia kalibu, akaanza kuzalisha, na dosari ikarithiwa. Labda moja ya zako ndiyo mama mwenyewe, lakini usiweke matumaini hapo.

Utasema 1898 zilichapwa kwa mamilioni, nyingine hata Paris na Brussels, nani ahangaike kughushi kitu cha kawaida? Kwa sababu ya huo ukawaida wake. Mtu akikutolea ruble ya Konstantin ya 1825, ile adimu mno, utamkimbia. Akikutolea ya 1898 utamkaribisha chai.

Halafu wewe umepiga uso, umepiga mgongo, ubavu hukupiga. Ubavu ndipo waghushi wengi wanapochoka. Izungushe chini ya taa usome maandishi yaliyozama: ЧИСТАГО СЕРЕБРА 4 ЗОЛОТНИКА 21 ДОЛЯ. Yaani gramu 18 za fedha tupu. Angalia hiyo ЧИСТАГО, ni tahajia ya kizamani, leo tungeandika kwa О. Mwishoni utafute herufi za msimamizi wa kiwanda cha sarafu ndani ya mabano. Kwa 1898 ni А.Г. Ukikuta nyota moja badala yake ni ya Paris, nyota mbili ni ya Brussels. Ukikuta herufi zimevimbavimba kama zimeandikwa kwenye ugali, au mstari mwembamba unaoizunguka sarafu katikati ya ubavu, hiyo imemwagwa, haikupigwa chapa.

Kisha nenda kwa yule sonara wa Ngamiani, yule mpole, si yule mwingine. Mizani isome gramu 20, ikipungua kidogo kwa kuchakaa si neno. Lakini usiishie hapo, uzito ni rahisi kuuigiza. Mwombe aweke glasi ya maji juu ya mizani, airudishe sifuri, halafu uininginize sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala pembeni. Fedha ya kweli ya ruble itaonyesha kama gramu 1.9. Ikionyesha 2.2 hivi, umeshika shaba na nikeli iliyovaa kanzu. Na asiikwangue! Masonara mikono huwawasha, wanataka kujaribu kila kitu kwa tindikali.

Sasa ile ya tatu. Hapa sijui nicheke au nilie. Kopeki 5 za malkia Catherine wa Pili, lile dude la shaba la gramu 51 hivi, lenye tai wa vichwa viwili, na wewe unaniandikia kwa fahari kwamba "imeng'aa kama mpya" baada ya chumvi na limau. Chumvi na limau, Sefu? Ni sufuria ya pilau hiyo? Ile rangi ya kahawia haikuwa uchafu, ndiyo ngozi yake, na imechukua zaidi ya miaka mia mbili kuota. Umeichuna. Tena katika zote tatu, naona hiyo ndiyo iliyokuwa ya kweli. Unaona zile herufi hafifu chini ya tai, ambazo ulidhani ni takataka ukazidi kusugua? Baadhi ya sarafu hizo zilipigwa juu ya kopeki 10 za mumewe Catherine, Peter wa Tatu, za 1762, baada ya mkewe kumpindua. Hayo ni mabaki ya sarafu ya mume chini ya ile ya mke. Wakusanyaji hulipia zaidi kwa ajili hiyo.

Limau limeshapita, ila chumvi bado imo ndani na hewa ya bahari ya Tanga haitakusaidia. Iloweke siku kadhaa kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled), si ya bomba, ukibadilisha kila siku, kisha uikaushe sawasawa. Ukiona unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiupangusa, niambie haraka, huo ni ugonjwa, unakula shaba.

Nakugombeza na mimi mwenyewe si mtakatifu. Mwaka wangu wa pili huku nilinunua ruble nzuri, nyeusinyeusi, nikatamba nayo bweni zima. Shemeji yako (wakati huo hajawa shemeji) akaigeuza chini ya taa akaniuliza, mbona ubavuni ina chunusi? Ilikuwa risasi ya kulehemu. Iliwahi kuwa bruchi ya bibi fulani, pini ikang'olewa, pakapakwa weusi. Fedha ilikuwa halali, lakini kama sarafu ilishakufa. Ninayo mpaka leo, nawekea mlango usijifunge.

Kibwana simwiti mwizi. Ni yule yule aliyenunua kofia ya paka akaapa ni mbweha. Lakini kile kidonda chini ya ndevu, kila nikifumba macho nakiona.

Alikwambia alizipata wapi, kwa mtu mmoja au wawili? Na alizitoaje Urusi, wakati sarafu ya zaidi ya miaka mia inahitaji kibali kuvuka mpaka? Anataka pesa lini hasa, na kwa nini ana haraka hivyo? Mama Tatu anajua unanunua sarafu au umemwambia ni ada ya mtoto? Utanipigia lini picha za ubavu, mchana, kivulini, bila flashi?

Nasubiri hizo picha kabla ya kitu kingine chochote. Limau libaki kwenye samaki.

Ndugu yako,
Mwinyi