Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali kuhusu mitihani ya wapiga ultrasaundi

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Ninakuandikia kutoka Arusha, nikiwa mtaalamu wa radiolojia ninayewapokea pia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kukuomba uagize utaratibu wa kudumu wa kuhuisha mitihani inayowapa wapiga ultrasaundi sifa ya kufanya kazi.

Nitaje kipimo kimoja. Mama mwenye mimba changa anapotokwa damu, tunapima kwa probu ya ukeni (kifaa cha mashine ya ultrasaundi kinachoingizwa ukeni) urefu wa kiinitete kutoka kichwani hadi matakoni, kisha tunatafuta mapigo ya moyo. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba kiinitete cha milimita 5 kisicho na mapigo ni mimba iliyoharibika. Uingereza ilipandisha kikomo hicho hadi milimita 7 mwaka 2011, na wataalamu wa Marekani wakakubaliana hivyo mwaka 2012, kwa sababu vipimo vya wapimaji wawili vinaweza kutofautiana, na mimba iliyo hai ikasafishwa kimakosa. Hata hivyo, maswali ya mazoezi ambayo wanafunzi huja nayo, yaliyonakiliwa mwaka hadi mwaka, bado yana jibu la milimita 5, na anayekijua kikomo cha leo anabaki akijiuliza ajibu lipi ili afaulu.

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24, kipimo hiki si cha hospitali kubwa peke yake tena. Anayeshika probu katika kituo cha afya cha pembezoni mara nyingi hana bingwa wa kumwuliza. Cheti chake ndicho dhamana pekee aliyonayo mgonjwa.

Nchini Marekani, ARDMS, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1975 ambayo huwatahini wataalamu hawa, huwauliza walio kazini ni kazi zipi wanazozifanya, mara ngapi, na zina uzito gani, na majibu hayo husaidia kupanga maudhui ya mtihani. Tuige utaratibu huo, si maswali yao, kwani uvimbe wa maji wa ini unaotokana na minyoo ya mbwa, ambao huku kaskazini huwapata wafugaji, hauwezi kupewa uzito uleule Chicago na Longido.

Ninaomba dodoso la namna hiyo liwafikie wapiga ultrasaundi wote, wakiwemo wa vituo vya afya. Kila swali liandikwe mwaka na mwongozo lilikotoka. Na mwongozo unapobadilika, swali liondolewe mara moja bila kusubiri mapitio ya mtaala, ambayo huchukua miaka. Walimu nao wapewe taarifa mapema, maana si haki kumtahini kijana kwa jambo ambalo mwalimu wake hajaelezwa.

Maswali ya mimba changa yakaguliwe kwanza, kabla ya mtihani ujao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa radiolojia, Arusha