Risala ya wahitimu wa uuguzi na ufundi wa vifaa tiba kwa Mgeni Rasmi, siku ya mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa, itifaki ikiwa imezingatiwa.

Kwa niaba ya wahitimu wote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Historia ya chuo na idadi ya wahitimu utaikuta kwenye kabrasha lililo mezani pako, hivyo hatutairudia. Tumekubaliana risala yetu ibebe jambo moja: vihisi visivyotumia waya, vile vinavyobandikwa mwilini kufuatilia hali ya mgonjwa muda wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanzie wodini, usiku. Mmoja wetu alikuwa zamu akiwa kwenye mafunzo ya vitendo. Saa nne usiku alipita kitanda kwa kitanda akipima joto, presha na mapigo, na kuhesabu pumzi. Mgonjwa wa kitanda cha sita, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo siku mbili kabla, alikuwa anapumua mara 18 kwa dakika. Akaandika 18 kwenye chati. Mzunguko uliofuata ulikuwa saa kumi alfajiri, na alipofika pale alimkuta mtu anayepumua mara 34, vidole vya baridi, maneno yanamtoka vipande vipande. Mgonjwa yule alipona, tunamshukuru Mungu, ila baada ya siku nyingi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kati ya ile 18 na ile 34 kulikuwa na saa sita ambazo chati haikuandikwa kitu. Hakuna aliyezembea. Muuguzi alikuwa mmoja na vitanda vilikuwa vingi.

Saa sita hizo ndizo zilizotufanya tuchague mada hii. Kibandiko chembamba kifuani kinaweza kusoma umeme wa moyo na kuhesabu jinsi kifua kinavyopanda na kushuka, kisha kikatuma namba hizo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye skrini ya muuguzi, dakika baada ya dakika. Pumzi zikianza kupanda kutoka 18 kwenda 22, kisha 26, mtu anaitwa kitandani usiku uleule, mapema.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1905 Willem Einthoven, daktari wa Uholanzi, alipeleka mchoro wa umeme wa moyo wa mgonjwa kwa waya wa simu kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kama kilomita moja na nusu. Miaka ya 1940 Mmarekani Norman Holter akauondoa waya: alirusha mapigo ya moyo kwa redio, lakini mwenye kupimwa alibeba mgongoni mzigo wa karibu kilo 38. Leo kazi ile inafanywa na kitu ambacho mgonjwa anasahau kuwa amekivaa.

Mheshimiwa, mahali tulipoguswa zaidi ni wodi ya watoto njiti. Ngozi ya njiti ni laini mno, na kubandua gundi ya waya za kawaida huweza kuichuna. Tumeliona hilo kwa macho yetu, alama nyekundu kifuani kwa mtoto asiyejaa viganja viwili. Waya hizohizo humzuia mama kumpakata mwanawe ngozi kwa ngozi, ile huduma ya kangaroo iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza vihisi laini viwili, kimoja cha kifuani na kingine cha mguuni, visivyo na waya wala betri, na mama aliweza kumweka mtoto kifuani huku vipimo vikiendelea kusomeka. Kwa maoni yetu, hata kama teknolojia hii isingefanya lingine, hilo peke yake lingetosha kuihangaikia.

Pamoja na mazuri hayo, tusingekutendea haki tukikusomea sifa tupu. Kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, kilichotokana na kazi ya mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, hupitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwenye kidole. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza mianga hiyo kwa viwango tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa asilimia ya oksijeni katika damu. Lakini ngozi nayo hufyonza mwanga. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa vibanio na vipimo vya damu yenyewe. Kibanio kilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, kwa wagonjwa weusi ilitokea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe kwamba damu yao kumbe ilikuwa chini ya asilimia 88. Mkufunzi alipotusomea hayo, darasa zima lilinyamaza. Tunaomba kwa dhati, Mheshimiwa, kwamba popote utakapokuwa na sauti katika ununuzi wa vifaa hivi, uulize kwanza: vimejaribiwa kwa ngozi za aina gani?

Wenzetu wa vifaa tiba nao wana hoja yao. Mawimbi ya redio hugombania nafasi. Mwaka 1998 huko Dallas, kituo cha televisheni kilipojaribu kurusha matangazo ya dijitali, mitambo ya kufuatilia mioyo katika hospitali moja ilivurugika. Mwaka 2000 Marekani ikatenga masafa maalumu kwa kazi hiyo. Kwa hiyo fundi wa vifaa tiba anatakiwa awepo wodini kabla ya vihisi kufungwa, apime mawimbi yaliyopo, ajue betri zitabadilishwa na nani, na ahakikishe taarifa za mgonjwa zinasafiri zikiwa zimefungwa kwa msimbo. Kumwita baada ya mambo kuharibika ni kumchelewesha.

Kuna pia milio. Mgonjwa akigeuka, kihisi hulia. Jasho likilegeza gundi, hulia tena. Milio mingi ya aina hii haihitaji muuguzi afanye lolote kwa mgonjwa, na sikio linalosikia milio ya bure usiku kucha huanza kuipuuza, hadi ule mmoja wa kweli nao unapita. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema vihisi vitapunguza haja ya wauguzi. Kihisi kinaita, na anayeitwa lazima awepo. Kama muuguzi yule wa zamu ya usiku angekuwa na skrini, bado angehitaji mwenzake wa kubaki na vitanda vingine wakati yeye amekimbilia cha sita.

Ombi letu basi ni hili. Chuo kina chumba cha mazoezi chenye vitanda vinne. Tunaomba utusaidie kupata seti ya vihisi kwa ajili ya chumba hicho, ili wadogo zetu wanaobaki wajifunze kuvibandika, kuvitilia shaka na kupanga viwango vya milio kabla hawajakutana navyo kwa mgonjwa halisi. Na tunaomba wanafunzi wa uuguzi na wa ufundi wa vifaa tiba wafundishwe somo hilo pamoja, darasa moja, kama sisi tulivyojikusanya wenyewe jioni baada ya vipindi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye meza iliyo kushoto kwako amekaa mwenzetu mwenye kihisi kifuani, tulichoazimwa kwa siku ya leo. Pumzi zake zimekuwa zikisomeka kwenye skrini tangu tulipoanza kusoma risala hii. Tunakuomba usogee, umhesabie pumzi kwa saa yako kwa dakika moja nzima, kisha ulinganishe na namba utakayoiona.

Karibu sana.

Ni sisi wahitimu wa uuguzi na ufundi wa vifaa tiba.