Fomu zinazobaki na maandishi

Habari za jioni, wanakikundi. Wengi mnauliza kwa nini kitufe cha kufuta kinaacha visanduku vingine vimejaa. Kwenye Windows Forms, zana ya Microsoft ya kutengeneza madirisha ya programu, Controls ya fomu (orodha ya vidhibiti vyake, yaani vitufe, visanduku na kadhalika) hushika watoto wake wa moja kwa moja tu, yaani vilivyowekwa juu ya fomu yenyewe. Vilivyo ndani ya paneli, yaani fremu inayobeba vidhibiti vingine, havifikiwi mkipitia orodha hiyo peke yake. Andikeni funksheni inayopokea kontena (fomu au paneli) na kupitia kila kidhibiti: kikiwa TextBox (kisanduku cha maandishi), ifute maandishi, kikiwa na watoto, ijiite tena kwa kidhibiti hicho. Na tafadhali sana, mkiondoa vidhibiti kabisa, anzeni na cha mwisho mkirudi nyuma, la sivyo vingine vitarukwa.

Tukutane Jumamosi baada ya alasiri, Ngamiani pale pale. Chajini laptopu kabisa. Dada mwenye fomu ya mnada wa samaki, njoo nayo. Zile paneli zake ndizo tutakazofanyia kazi.