Lete fedha, na kama huna, lete mkungu tuunadi: harambee ya mfuko wa maafa kabla ya masika

Bwana Yesu asifiwe, washarika wapendwa, na salamu kwa majirani zetu wote, Wakristo na Waislamu, wa hapa Arusha na wa mbali.

Kamati ya Diakonia, yaani kamati ya usharika ya kuhudumia wenye shida, inaomba shilingi milioni 26 kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Fedha hizi ni za kaya 100 zitakazokumbwa na mafuriko au maporomoko ya udongo mahali popote tunapoweza kufika kwa gari ndani ya siku moja: Hanang, Babati, Same, Moshi, au hapahapa mjini. Tunaomba mapema kwa makusudi. Maafa yakishatokea, wiki ya kwanza huishia kwenye vikao na kuhesabu bahasha, na wiki hiyo ndiyo watu wanayolala nje.

Tunaomba fedha. Hatuombi nguo wala viatu, na unga hatuuombi pia. Tunajua wapo walioanza kufunga viroba, na tunajua anayetoa nguo yake anaitoa kwa moyo, kwa hiyo inabidi tujieleze.

Tuanze na unga. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa chakula chetu hiyo ni unga gramu 450, maharage gramu 100, mafuta gramu 25 na chumvi gramu 5. Kaya ya watu watano kwa siku 14 inahitaji unga kilo 31 na nusu, maharage kilo 7, mafuta lita 2 na pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Zidisha kwa kaya 100, unapata tani 4 na ushee, yaani Canter imejaa hadi juu. Sasa fikiria Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh, mkoani Manyara, na kuua watu zaidi ya 80. Kutoka hapa hadi Katesh ni kama kilomita 240. Canter lenye mzigo, kwenda na kurudi, linakunywa dizeli lita 80 hadi 100, hata kama mwenye gari amelitoa bure. Na mahindi tunayosaga Arusha mengi yanatoka hukohuko Manyara. Kuyapeleka Katesh yakiwa unga ni kuyarudisha kwao kwa nauli.

Ukinunua Babati, mji ulio njiani kabla ya Katesh, dizeli ile inageuka kuwa unga, na mwenye duka wa kule anapata mteja mwezi ambao wateja wake wameishiwa. Hatusemi fedha zinaweza kila kitu. Tope la Katesh liliingia hadi madukani, na duka likishajaa matope noti haziliki. Ndiyo maana utaratibu wetu ni kununua kwenye soko lililo karibu zaidi na waathirika ambalo bado liko wazi. Kama ni Babati, Babati. Kama barabara imekatika na hakuna soko, hapo ndipo tunapakia kutoka Arusha.

Mtauliza, kwa nini msinunue unga sasa hivi mkauweka? Kwa sababu dona huchacha: mafuta ya kiini cha mahindi yamo ndani yake, na ndani ya wiki chache unakuwa mchungu. Sembe hukaa zaidi, lakini ghala letu lina panya wengi kuliko waumini wa ibada ya kwanza. Maharage yakikaa hupata fukusi, na yasipopata huwa magumu, yanakula kuni mara mbili, na kuni kavu wakati wa mafuriko utazitoa wapi?

Nguo ndizo ngumu kusema. Fungua kiroba kimoja cha nguo za msaada popote pale: utakuta koti la suti, gauni la harusi, kiatu cha kushoto peke yake, sweta la mtoto lililofuliwa jana na kufungwa likiwa bado bichi. Hilo la mwisho ndilo linaloharibu mengine. Kiroba hakipitishi hewa, na nguo mbichi moja katikati ya kiroba kilichofungwa kwa siku tatu hutoa ukungu unaosambaa kwa zote. Viroba vikifika kambini lazima watu wakae kuvichambua, wanawake kando, wanaume kando, watoto kwa umri, na watu hao ndio walewale waliotakiwa kuchimba vyoo na kugawa maji. Zisizofaa hubaki nje, mvua inazinyeshea, mwisho zinachomwa moto. Isitoshe, mama aliyeokolewa usiku ana haja kwanza na chupi mpya, taulo za kike na doti ya khanga. Khanga moja anajifunga, ya pili anambebea mtoto au anaitundika iwe pazia la kuogea. Vitu hivi haviletwi vikuukuu. Vinanunuliwa.

Dawa msilete kabisa, hata ziwe hazijafunguliwa. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, mkoa wa Aceh huko Indonesia ulipokea takriban tani 4,000 za dawa za msaada. Nyingi zilikuwa na maelezo ya lugha ambayo wahudumu wa pale hawakuweza kuisoma, na zilizobidi kuharibiwa zilikadiriwa kufika tani 600. Kuharibu dawa nako kuna gharama yake. Maziwa ya kopo ya watoto nayo hatupokei: yakikorogwa kwa maji ya mafuriko kwenye chupa isiyochemshwa, mtoto anapata kuhara, na mama aliyekuwa ananyonyesha maziwa yake yanapungua.

Vinavyonunuliwa sasa na kuwekwa ghalani, juu ya mbao na si sakafuni, ni hivi, kwa kila kaya. Turubai moja la mita 4 kwa 6. Ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Sufuria na sahani. Blanketi mbili. Doti ya khanga, taulo za kike, sabuni ya mche, na vidonge vya klorini vya miligramu 67. Pamoja na chakula, ambacho fedha zake zinakaa benki mpaka siku ya kuhitajika, makadirio yetu ni shilingi 240,000 kwa kaya, yaani milioni 24 kwa kaya 100. Milioni 2 zinazobaki ni za gari, wapakuaji na makato ya kutuma fedha.

Turubai tutalichagua wenyewe. Lile la bluu jembamba linaonekana kama turubai, lakini ukilivuta matundu ya kamba yanachanika, na upepo wa wiki mbili unalimaliza. Tunataka lililosukwa, lenye mkanda mnene pembeni. Na tutafundisha kulifunga, maana turubai zuri huharibiwa na msumari. Lifungwe kwa kamba. Kama hakuna budi kupiga msumari, uwekwe kizibo cha soda au kipande cha ndala kati ya kichwa cha msumari na turubai, nguvu isambae. Klorini nayo ina kanuni yake: maji yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, kifuniko kirudishwe, subiri dakika 30. Maji yakiwa bado na ukungu baada ya kuchuja, vidonge viwili. Ukitia kidonge kwenye maji ya tope bila kuchuja, klorini inaishia kwenye tope na vijidudu vinabaki.

Orodha hii itabadilika kufuata mahali. Katesh ni baridi, blanketi ni lazima. Mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti, chandarua kilikuwa na maana kuliko blanketi. Kwenye tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, nyumba zilianguka lakini mashamba yalibaki, na kilio cha watu kilikuwa mabati na saruji. Aliyekusanya fedha anaweza kugeuka. Aliyekusanya blanketi mia tano ana blanketi mia tano.

Kuanzia wiki ya tatu, maduka yakifunguka, hatutagawa vitu tena. Tutatuma fedha moja kwa moja kwa kaya, kwa simu. Hapa pana mitego miwili. Kwanza, wengi watakuwa wamepoteza simu, laini na kitambulisho cha NIDA kwenye tope, kwa hiyo kurudisha laini ndiyo hatua ya mwanzo, na asiyeweza atapokea mkononi mbele ya mashahidi. Pili, majina. Orodha ya kitongoji ikisomwa ofisini tu, huingia mashemeji. Tutaomba isomwe kwa sauti mkutanoni, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wakiwepo, na yeyote aweze kupinga jina. Kila tutakachopeleka kitapitia kamati ya maafa ya wilaya husika, tusije tukafika magari matatu kijiji kimoja na cha jirani kikabaki kitupu.

Na ninyi mna haki ya kuuliza fedha zenu. Akaunti ina watia saini watatu, mmoja wao si mjumbe wa kamati. Risiti zote zitabandikwa ubaoni, hata ya maji ya dereva.

Namba ya lipa hatuiandiki hapa. Tangazo hili litasambazwa, na mjanja akibadilisha tarakimu moja hatutajua. Wote tumeshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Namba imebandikwa mlangoni mwa kanisa na inasomwa ibadani. Aliye mbali amwombe ndugu yake anayesali hapa amsomee bangoni. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea: ni la usharika. Likitokea jina la mtu, hata la mzee wa kanisa, acha.

Sasa kwa asiye na fedha, ambaye ana ndizi. Jambo hili tunalijua tangu utotoni: mnada. Mkungu ulioletwa kama sadaka unanadiwa uwanjani baada ya ibada, unanunuliwa kwa bei ambayo sokoni Kilombero wangecheka, na aliyenunua anasema "narudisha", unanadiwa tena. Mkungu mmoja hulipiwa mara tatu, na jioni unapikwa na mtu wa nne. Kwa hiyo leteni: ndizi, parachichi, mayai, asali, mbuzi, debe la mahindi. Hata zile nguo, zikiwa safi na kavu, zitapangwa kwenye meza kando na kuuzwa hapahapa Arusha, ambako mwenye kuzihitaji anaweza kuzipima mwilini. Kitakachokwenda kwa waathirika ni thamani yake.

Mnada ni Jumapili ya mwisho ya Februari, baada ya ibada ya pili. Mazao na nguo vipokelewe Jumamosi yake, saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, nyuma ya jiko la usharika. Andika jina na mtaa wako kwenye karatasi, uifunge kwenye mzigo. Kuku waje Jumapili asubuhi wakiwa wamefungwa miguu, kwani Jumamosi usiku hatuna pa kuwalaza.