Kwa mdogo wangu, kuhusu "he", "she" na "they"

Mdogo wangu,

Juzi kwenye simu ulisema mtu mmoja kuitwa "they", badala ya "he" au "she", ni mtindo wa vijana wa mitandaoni unaoharibu Kiingereza. Salio liliisha kabla sijakujibu, na tangu hapo neno lako halijanitoka.

"They" ya mtu mmoja imo katika maandishi ya karne ya 14. Shakespeare aliitumia, mwandishi wa riwaya Jane Austen pia, kwa mtu yeyote ambaye jinsia yake haijatajwa. Kumwita hivyo mtu unayemjua kwa jina ndilo jambo jipya, hapo nakubali. Lakini "he" ya watu wote tuliyokaririshwa shuleni ilipigiwa debe na wanasarufi, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likaamua kuwa katika sheria zake maneno ya kiume yawabebe na wanawake.

Sasa soma Orlando ya Virginia Woolf, ya mwaka 1928. Neno la kwanza la riwaya ni "he", yaani Orlando mwenyewe, na papo hapo tunahakikishiwa kwamba jinsia yake haina shaka. Baadaye Orlando analala siku nyingi huko Constantinople, anaamka mwanamke. Msimulizi anasisitiza kuwa ni yuleyule, kisha anatangaza kwamba kwa kufuata desturi tu, sasa itabidi aandike "she". Desturi tu! Nilipojaribu kuitafsiri sehemu ile nilipata: aliamka, akajitazama kwenye kioo. Kile ki-"a" chetu hakikuuliza chochote, na mshtuko wote wa Woolf ukayeyuka mkononi mwangu.

Ndiyo maana napenda Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 ya tamthilia ya Shakespeare. Portia, mwanamke, anaingia mahakamani akijifanya mwanasheria wa kiume, na "yeye" ya Kiswahili inabaki ya kweli. Kinachodanganya ni joho peke yake. Na katika majumba ya maigizo ya London enzi za Shakespeare, Portia aliigizwa na mvulana, kwani wanawake hawakupanda majukwaa hayo hadi 1660.

Usidhani lugha yetu haina lake. Mmoja anaoa, mwingine anaolewa, na kitenzi kinakwisha kukutajia nani ni nani.

Nakutumia nakala yangu ya Orlando kwa basi la Ijumaa. Ukifika pale anapoamka, itafsiri aya ile, uniambie umekwama wapi.

Dada yako