Risiti za fundi zisitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Mimi nilipiga hesabu ya bei tu, nikasahau vinavyoifuata: ushuru wa stempu, ada ya wakili, ya mthamini na ya kusajili hati. Akiba niliyoitengea paa ikaishia hapo, mvua ya kwanza ikanikuta na ndoo tatu sebuleni.

Lililoniuma zaidi ni risiti. Miaka saba baadaye niliiuza nyumba ile, niliyokuwa nimeipangisha. Katika nchi nyingi, kodi ya faida ya mtaji hutozwa kwenye tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama za kuinunua na kuiboresha. Chumba nilichoongeza kingepunguza faida hiyo. Kupaka rangi au kuziba bomba ni matengenezo tu, na kwa kawaida hutolewa kwenye mapato ya pango ya mwaka uleule. Nilimweleza ofisa wa kodi yote hayo kwa ufasaha. Akaniuliza, "Risiti ziko wapi, mzee?" Fundi nilimlipa mkononi, kwa kuaminiana.

Wenye mkopo nao wasidhani rejesho lote ni gharama ya kupunguza kodi. Palipo na nafuu hiyo, kwa kawaida ni kwenye riba tu.

Na lugha yetu yenyewe inatutega: "kodi" ni ya mpangaji, na ni ya serikali pia. Mpangaji wangu alilipa yake kila mwezi. Yangu niliikumbuka barua ilipofika.

Mwenye nyumba wa zamani