Hadithi ya shamba isimuliwe pamoja na shida zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu namna mlaji anavyoelezwa kilimo cha kisasa. Walaji wengi wa leo hawajawahi kushika jembe, na wanachokijua kuhusu shamba kimetoka ama kwenye matangazo ya biashara, ambako kila mkulima anatabasamu, ama kwenye ujumbe wa kutisha unaosambazwa kwa simu bila jina la aliyeuandika.

Kuku wa nyama ni mfano mzuri. Wengi wanaamini kwamba kuku anayefikia kuchinjwa akiwa na wiki 6 lazima amekuzwa kwa homoni. Kasi hiyo hutokana na uteuzi wa mbegu kizazi baada ya kizazi pamoja na chakula kilichopimwa. Homoni ya ukuaji ni protini, hivyo ikilishwa humeng'enywa tumboni kama protini nyingine, na kumdunga sindano kila kuku katika banda la maelfu ni kazi isiyolipa. Maelezo haya yamo katika vipeperushi vingi, wala sijaona yakimbadilisha mtu mawazo.

Mchezo wa redio ungefaulu zaidi. Tuseme mfugaji ametibu kuku wake kwa antibiotiki, wamepona, na mnunuzi amefika na fedha taslimu, ilhali muda wa kusubiri, yaani siku zinazopaswa kupita tangu dozi ya mwisho ili mabaki ya dawa yapungue mwilini mwa kuku, haujaisha. Deni la chakula cha kuku linamsonga. Auze au asubiri? Msikilizaji aliyekaa na swali hilo hadi kipindi kijacho ataujua muda wa kusubiri kuliko aliyehudhuria semina, na akienda kununua nyama atajua la kuuliza.

Njia hii si ngeni. BBC ilipoanza kuurusha mchezo wa The Archers kwa Uingereza nzima mwaka 1951, wakati baadhi ya vyakula vilikuwa bado vya mgao, lengo mojawapo lilikuwa kuwafikishia wakulima mbinu za kuongeza mavuno, na mchezo huo ungali hewani. Wakati ule mwanafunzi alikuwa mkulima. Sasa, kwa maoni yangu, zamu ni ya mlaji, ambaye hata mbegu chotara, yaani zinazopatikana kwa kuchavusha aina mbili za mmea, huzichanganya na zile zilizobadilishwa vinasaba.

Nina hofu moja, nayo ni ya mfadhili. Mchezo unaogharimiwa na muuza viuatilifu utamwonyeshaje mkulima anayepuliza kupita kiasi? Hata kuku niliowatetea hapo juu wana doa lao, kwa kuwa kukua haraka huwaletea baadhi yao maradhi ya miguu na moyo, na mtunzi atakayelificha hilo atakuwa ameandika tangazo refu tu. Msikilizaji hakawii kulitambua, na akishalitambua hatamwamini hata pale anaposema kweli.

Magazeti yamelea hadithi za mfululizo kwa miaka mingi, nyingi zikiwa za mapenzi na upelelezi. Ninaomba gazeti lako litenge mfululizo mmoja kwa ajili ya shamba, gharama yake ilipwe na gazeti lenyewe, na mtunzi wake akae na wakulima walau msimu mmoja, tangu kupanda hadi kuvuna, kabla ya kuandika sura ya kwanza.

Msomaji wako